Wasikilizaji Wenzangu

Naanza bila salamu,
nishaishika kalamu,
saa nane imetimu,
nakaa kimya jikoni.

Taa nimeshaizima,
tochi mkononi nzima,
kuna kitu kinahama
nyuma ya friji, pembeni.

Nakaa hapa ghorofa
ya tatu, kuta za nyufa
na bomba linalokufa,
majumba ya Michenzani.

Alianza mmoja tu,
mdogo kama si kitu,
kahawia kama kutu,
michirizi ya shingoni

miwili, mithili wanja;
mwembamba, mbio, mjanja,
kila chakula aonja,
hata sabuni bafuni.

Siye yule kombamwiko
mtaroni atokako,
arukaye kwa mshtuko;
yule hupita njiani.

Huyu hakuja kupanga:
ana mke, vifaranga,
analala kwenye unga
na huoga sukarini.

Nikaona pilipili
manga, punje mbilimbili;
kumbe choo chao, kweli,
kimeenea rafuni.

Kifuko kama cha kunde
kimegandama upande:
thelathini humo mende
wamelala safu ndani.

Nikasema: ni Kazija!
Kwake ndiko wanakuja;
vyombo haoshi, hungoja,
hulala vyote karoni.

Nikasema kwa Zuwena,
naye kwa Bahia, tena
likakua, likanona,
likashuka kwake chini.

Hakuteta, hakuapa.
Mchuzi wake wa papa
alozoea kunipa
haukupanda ngazini.

Dawa ya kopo, ya moshi,
nikapiga, haitoshi;
wakatawanyika jeshi,
wakapanda ukutani.

Siku ya tatu, Zuwena
ashuka, ananibana:
"Wako wamepanda jana,
wamo hata kitandani!"

"Wako!" Neno lanichoma,
eti mimi ndiye mama,
niwalishe uji, nyama,
niwapeleke chuoni!

Basi akaja Shaame,
hakutaka nilalame,
akauliza umeme
unapita wapi ndani.

Kapiga goti, kanusa,
kila ufa akagusa,
friji akaipapasa
mgongo, kwenye mashini.

Juu yake ni redio
ya marehemu: kilio
changu, pia kimbilio,
miaka kumi nyumbani.

Mfuniko kafungua,
wakamwagika ja mvua;
weupe, wamejivua
maganda yao mwilini.

Kumbe si kwake Kazija!
Kumbe kwangu wakingoja,
tukisikiza pamoja
taarifa za jioni.

Boriki, unga, sukari,
kachanganya kwa hadhari,
akafinyanga tayari
tembe, katia tunduni.

"Usipulize," kasema,
"ukipuliza wahama;
waache wale salama,
wakafie mashimoni.

"Bomba livujalo, ziba;
tone moja kwao shiba,
kiu kwao ni msiba
kushinda njaa tumboni.

"Na si chumba chako pweke:
hilo bomba, ngazi yake,
mende apande, ashuke
toka juu hadi chini."

Basi nikajikokota,
mguu ninauvuta,
mkononi tembe sita
za Shaame, sahanini.

Kafungua. Kule kwake
kwang'ara, na karo lake
kavu; hata vyombo vyake
vimefunikwa mezani.

"Wamo," aliniambia.
"Wako? Wangu? Wa dunia!
Mwezi huu nasugua
na bado wamo chumbani."

Neno "samahani" gumu,
lilikwama kama ndimu.
Nikasema: "Yalazimu
tutege sote, jirani."

Akacheka, si kwa dhara,
akapiga goti mara,
tembe moja, kwa ishara,
kaisukuma ufani.

Wiki tatu zimekwisha,
redio kairudisha
Shaame; nikiiwasha
yakohoa kifuani.

Jana mchuzi wa papa
umepanda hadi hapa;
chombo hakirudi kapa,
nikatia ndizi ndani.

Na hii saa nanena,
tochi nawasha: namwona
mmoja; twatazamana,
yeye na mimi, jikoni.

Apita kwenye waraka,
wino mbichi ameruka;
ndara juu nimeweka,
na beti zi hatarini.